Usingoje Jino Liume

Ndugu msomaji, chukua kioo, simama mlangoni penye mwanga, ufungue kinywa. Tazama meno ya mbele ya chini, upande wa ndani unaoguswa na ulimi. Je, waona kitu cha manjano au kahawia, kigumu kama chokaa, kimeshika penye ufizi? Huo ndio ugaga. Na upigapo mswaki, je, watema mate yenye damu? Basi maneno haya yanakuhusu.

Wengi wetu hapa Kilosa na Mikumi twamjua daktari wa meno kwa kazi moja tu: kung'oa. Mtu huvumilia miezi, huweka karafuu, humeza vidonge vya maumivu, na shavu likisha vimba ndipo aende hospitali. Si ajabu, maana mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979 tu. Wazee wetu walilolijua ni koleo. Lakini daktari huyo anayo kazi nyingine, ambayo ingewaokoa wengi na koleo hilo, nayo ni kusafisha meno.

UGAGA HUTOKA WAPI?

Vijidudu vya kinywani hujenga utando laini juu ya meno, uitwao ukoga. Ukipiga mswaki vizuri, waondoka. Ukiuacha, madini yaliyomo katika mate huugandisha, na kwa muda wa siku chache tu waanza kuwa mgumu. Hapo mswaki hauuwezi tena, uwe wa dukani au wa mti. Tena juu ya ugaga ukoga mpya hushika upesi. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, hutoka damu. Ukizidi kuachwa, ugonjwa hushuka chini na kula mfupa unaoshika jino. Jino lisilo na tundu hata moja hulegea na kuanguka, mara nyingi bila maumivu makali. Hiyo ndiyo hila yake: haupigi hodi.

Na tuseme habari ya miwa, maana ukitoka Mikumi kwenda Kidatu utapita katika mashamba yake. Wako wasemao kwamba kutafuna muwa ni kusafisha meno. Sivyo. Sukari yake ni chakula cha vijidudu. Tafuna, kisha sukutua kwa maji, wala usiuhesabu muwa kuwa mswaki.

DAKTARI HUFANYA NINI?

Hutumia vyuma vyembamba vilivyopinda ncha, au mashine ndogo ambayo ncha yake hutetemeka upesi sana huku ikirusha maji. Ugaga hubanduka vipande vipande, hata ule uliojificha chini ya ufizi. Kisha huyasugua meno yawe laini. Mara nyingi kazi huisha kwa muda usiozidi saa moja. Mwenye ugaga mwingi huenda akaambiwa arudi.

“Ati meno yatalegea!” Hapana. Ugaga mwingi huyashikanisha meno yaliyokwisha kulegea, kama udongo mkavu uliozunguka nguzo iliyooza. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwapo waonekana. Haukuletwa na daktari.

“Ati watakwangua jino liishe!” Kinachoondolewa ni ugaga, si jino. Kweli, siku chache meno huenda yakasikia ganzi ukinywa maji baridi, na ufizi ukauma kidogo. Hayo hupita.

NANI HASA AENDE?

Kila mwenye damu ya ufizi au harufu ya kinywa isiyokwisha. Mgonjwa wa kisukari asikawie, maana kisukari huzidisha ugonjwa wa ufizi, na ufizi mgonjwa hufanya sukari ya damu iwe ngumu kutawala. Mama mjamzito naye ufizi wake huvimba upesi. Asiogope kwenda, ila amwambie daktari hali yake. Mvuta tumbaku ajihadhari zaidi: tumbaku huficha damu, ugonjwa ukaendelea kimya.

Kilosa iko hospitali ya wilaya, na Mikumi iko Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kabla ya kufunga safari, uliza kama kazi hiyo hufanywa, siku gani, gharama yake, na kama bima yako hulipa. Ukisha kusafishwa, muulize daktari urudi lini. Wengine baada ya miezi sita, wengine mwaka.

Nyumbani, piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Acha mchanga na majivu, maana hula jino lenyewe. Ufizi ukitoka damu usiache kupiga mswaki. Piga polepole, kisha uende kwa daktari.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Meno ya mtu mzima ni 32, nayo hayaoti mara ya tatu. Wiki hii, baba na mama, tazameni vinywa vya nyumbani mwenu, mkianza na vyenu wenyewe.