Magendo ya Chepkube kwa Dadu za Ludo

Kuna mchezo wa mezani usio na mshindi, na hata ubao si lazima. Mmoja huwa msimulizi. Wenzake watatu au wanne huigiza kila mtu mhusika wake na kusema anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Hadithi huendelea wiki baada ya wiki, pengine mwaka mzima. Dungeons & Dragons, wa kwanza wa aina hii kuuzwa, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo zimetungwa kanuni nyingine chungu nzima. Kikundi kinachoanza hupenda kuuliza kanuni zipi ndizo bora. Swali hilo halina jibu. Linalojibika ni hili: katika hadithi yenu, mnataka dadu iamue nini?

Tuseme vijana wa Busia wanataka hadithi ya mpakani kwao, kati ya Kenya na Uganda. Hata hapo wana za kuchagua. Ya kwanza ni ya biashara halali: dereva wa trela, tanboi wake na wakala wa forodha, mzigo umetoka Mombasa unakwenda Kampala, foleni ya mpakani Malaba haisogei na benki inadai. Kinachowakosesha usingizi ni hesabu. Ajabu ni kwamba kanuni zinazoifaa zilitungwa kwa ajili ya safari za anga za juu. Ni Traveller, ya Marc Miller, iliyotoka mwaka 1977. Wahusika wake mara nyingi huanza na chombo ambacho deni lake halijaisha; hununua shehena hapa wakauze kule, na majedwali ya dadu ndiyo hupanga bei. Weka trela mahali pa chombo, na Eldoret, Tororo na Jinja mahali pa sayari, na kazi kubwa imekwisha.

Ya pili ni ya njia za panya. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Uganda, waliokuwa wakilipwa kidogo na serikali ya Idi Amin, wakaanza kuvusha magunia usiku hadi soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba upande wa Kenya. Hapa bei ya gunia inajulikana. Kisichojulikana ni nani atawachongea, na askari wa doria amekwisha kuwatambua kiasi gani. Kanuni za Blades in the Dark, alizotunga John Harper, zinahesabu hayo hasa. Kundi zima la wahalifu lina karatasi yake, na kila kazi inayofanywa kwa kelele huongeza macho ya dola juu yao. Dadu ikionyesha 6 umefaulu. Ikionyesha 4 au 5 umefaulu lakini kuna gharama. Magendo yenyewe ndivyo yalivyo: gunia limevuka, ila kuna mtu amekuona.

Kanuni hizi mbili zinatumia dadu ya pande sita, ile ya ludo ipatikanayo dukani, wakati Dungeons & Dragons inadai dadu ya pande ishirini, ambayo utaitafuta sana Busia. Kweli, simu inaweza kurusha dadu yoyote, lakini tofauti haiishii kwenye ununuzi. Katika Traveller dadu mbili hujumlishwa: 7 hutokea mara 6 katika 36, na 12 mara 1 tu, kwa hiyo fundi mzoefu huaminika. Kwenye dadu moja ya pande ishirini kila namba ina nafasi ile ile, na bahati huwa na sauti kubwa zaidi. Jambo jingine ni lugha. Vitabu viko kwa Kiingereza, mezani watu wanazungumza Kiswahili na kuchanganya Kiteso au Kisamia. Kanuni ambazo msimulizi anaweza kuzieleza kwa mdomo jioni moja zina faida kubwa kuliko vitabu vitatu vinene.

Wapo watakaosema kanuni si kitu, msimulizi hodari ataendesha lolote. Kwa usiku mmoja, ndiyo. Lakini wachezaji hufuata kinacholipa: kanuni zikijaa silaha na majeraha, wiki ya nne mfanyabiashara wako atakuwa amechomoa panga. Wengine watapendekeza GURPS, ya Steve Jackson, iliyotoka mwaka 1986 ikikusudiwa kufaa kila hadithi. Inafaa kweli, ila msimulizi lazima kwanza achague sura zipi atumie na zipi aache, na msimulizi mpya hana kipimo cha kuchagulia.

Hoja yenye uzito ni kwamba Dungeons & Dragons inajulikana na wengi, na kiini cha kanuni zake kimekuwa huru kutumiwa bila malipo tangu Januari 2023, chini ya leseni ya Creative Commons. Kwa trela la Malaba, bado siishauri. Lakini kikundi kinachotaka mazimwi na uchawi hakina haja ya kuhangaika: Mlima Elgon uko karibu, na katika pango la Kitum tembo huingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Hapo pande ishirini zina kazi.