Neno moja, maradhi matatu

Wahenga walinena kuwa mdomo huponza kichwa. Mimi niliponzwa na neno ambalo siku hizi hutoka vinywani mwa takriban kila mkazi wa mijini humu nchini. Neno lenyewe ni waifai. Neno hilo fupi lilinichotea fedha mfukoni kwa miezi kadhaa, na karibu limharibie mtu mwingine kazi ya miaka mingi.

Mtu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu. Nilikuwa mmoja wa watahini wake, na kikao cha kuitetea tasnifu yake kilifanyika kwa njia ya video, kila mtahini akiwa kwake. Niliketi chumbani, mlango nimeufunga, kipakatalishi mezani. Nikamuuliza swali kuhusu upatanisho wa kisarufi katika ngeli za majina. Akaanza kujibu kwa ufasaha, kisha uso wake ukaganda kwenye kioo kama picha ya ukutani na sauti ikakatika. Iliporejea, alikuwa amefika tamati. Nikamwomba arudie. Akarudia, ikakatika tena. Mara ya tatu nililisikia jibu zima, lakini halikuwa tena lile la kwanza. Lilikuwa fupi, lenye kusitasita, jibu la mtu anayedhani kwamba anarudishwa nyuma kwa kuwa amekosea. Nilimweleza kwamba hitilafu ilikuwa kwangu. Hata hivyo, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Baada ya kikao nikatamka kile ambacho kila mtu hukitamka: "Waifai ya nyumba hii ni mbovu." Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, na ni aibu kwamba kosa hilo la kimaana lilitendwa na mtu anayefundisha semantiki.

Waama, katika mazungumzo yetu ya kila siku waifai ni jina la vitu vitatu. Kwanza, ni huduma ya intaneti tunayoilipia kila mwezi, ambayo kwa wengi wetu huingia nyumbani kwa waya wa faiba. Pili, ni rauta, yaani kile kisanduku chenye vitaa vinavyomemeteka, kinachoipokea huduma hiyo na kuwagawia watu wa nyumbani. Tatu, ni mawimbi ya redio yanayotoka katika kisanduku hicho hadi kwenye rununu, runinga na tarakilishi zetu. Kwa haki, jina hilo ni la mawimbi peke yake. Vitu hivi vitatu huugua maradhi tofauti, na dawa ya kimoja haikiponyi kingine. Lakini maadamu tumevipa jina moja, kikiugua kimoja hatujui tumtafute tabibu gani.

Mimi nilianza kwa kuitibu huduma. Niliwapigia simu wanaoniuzia intaneti, nikapandisha kiwango changu kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20. Bili ikapanda, ilhali chumbani hali ilibaki vilevile. Nikakata kauli ya kununua rauta mpya, nikashika njia hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, mahali ambapo vifaa vya umeme huuzwa duka baada ya duka.

"Mzee, hii ndiyo mwisho wa mambo," muuzaji mmoja aliniambia, akiniwekea mbele rauta yenye antena sita zilizosimama mithili ya miguu ya mdudu aliyelala chali. Akanionyesha nambari kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. "Hii ni elfu tatu. Hiyo yako ya nyumbani ni mia tatu tu."

Nani asiyetaka elfu tatu badala ya mia tatu? Bahati njema ni kwamba sikuwa na fedha za kutosha siku hiyo. Nilirudi nyumbani, nikamwita kijana mmoja wa mtaani kwetu ambaye hufunga nyaya za mtandao. Nilipomwambia ninachotaka kununua, alitabasamu kwa adabu. "Mwalimu, tupime kwanza," akasema.

Alikiunganisha kipakatalishi changu na rauta ya zamani kwa waya, akapima kasi. Ikasoma megabiti 20 kamili. Akaiondoa waya, tukaingia chumbani, akapima tena. Ikasoma chini ya 2. "Huduma yako haina neno, Mwalimu," akaniambia. "Mgonjwa yuko hapa katikati." Akaugonga ukuta.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya kuchongwa na zege yenye vyuma ndani. Kuta hizo humzuia mwizi, na huyazuia mawimbi vilevile. Vioo vikubwa, kabati za chuma na matangi ya maji pia huyadhoofisha. Rauta yangu ilikuwa sakafuni, nyuma ya runinga, katika pembe ya mwisho ya sebule, nami nilitarajia mawimbi yake yavuke kuta tatu hadi chumbani. Kijana yule aliongeza waya wa mita chache, akaihamishia rauta juu ya kabati ukumbini, katikati ya nyumba. Chumbani kasi ikapanda hadi 9. Gharama yake haikufika hata nusu ya bili yangu ya mwezi mmoja.

Nusu iliyobaki ndiyo iliyonilazimu kununua rauta, na sasa nilikuwa ninajua ninachokitafuta. Ile ya zamani ilitumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Masafa hayo yana sifa ya kupenya kuta na kufika mbali, lakini yana njia tatu tu zisizoingiliana, na katika jumba la makazi kila jirani anang'ang'ania humo humo. Hata maikrowevu ya jikoni huyavuruga. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi na kasi zaidi, ila huchoka upesi yakikutana na kuta. Mwenye nyumba katika jumba la majirani wengi atafute rauta yenye masafa yote mawili. Mwenye nyumba kubwa ya kuta nyingi asihangaike na antena sita. Afadhali anunue vifaa viwili vya kiasi, kimoja akiweke mbali na kingine, na akiweza aviunganishe kwa waya.

Taib, na ile elfu tatu je? Nambari hiyo ni jumla. Mtengenezaji huchukua kasi ya juu kabisa ya masafa ya kwanza, tuseme 574, akaijumlisha na ya masafa ya pili, tuseme 2402, kisha akaikuza kidogo ili ipendeze machoni. Ni sawa na kujumlisha kasi ya Barabara Kuu ya Thika na ya kichochoro cha nyuma ya soko, ilhali gari lako kwa kawaida hupita barabara moja kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, anayelipia megabiti 20 hatapata zaidi ya 20 kutoka nje, hata rauta yake ingekuwa ya elfu thelathini. Mfereji mpana haumwagi maji mengi kuliko yanayoletwa na bomba.

Lugha ya biashara hii imekuwa hivyo tangu mwanzo. Jina Wi-Fi lilibuniwa mnamo 1999 na kampuni ya kutunga majina ya kibiashara, na si ufupisho wa maneno yoyote. Vizazi vya teknolojia hiyo vilijulikana kwa nambari na herufi zilizowatatiza hata wasomi, hadi mwaka wa 2018 wenye jina hilo walipoamua kuvihesabu waziwazi: 4, 5, 6. Kizazi cha 7 kilianza kuidhinishwa rasmi mnamo Januari 2024. Nambari hizi ndogo humsaidia mnunuzi kuliko zile kubwa za boksi. Kwa nyumba ya kawaida yenye huduma kama yangu, kizazi cha 6 chatosha na kusaza.

Jambo la mwisho la kuangaliwa dukani ndilo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nalo ni usalama. Mnamo 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliviteka vifaa vingi sana duniani, zikiwemo rauta za nyumbani, kwa kujaribu tu nywila ambazo vifaa hivyo vilitoka nazo kiwandani. Nunua rauta inayotumia ulinzi wa WPA3, ambao mtengenezaji wake bado hutoa masahihisho ya programu, na iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ukifika nyumbani, badilisha nywila zake zote mbili: ya kuingilia mtandao na ya kuingilia rauta yenyewe.

Nilinunua rauta ya masafa mawili, ya kizazi cha 6, kwa chini ya nusu ya bei ya yule mdudu wa antena sita. Kisha niliwapigia tena wenye huduma nikarudi kwenye megabiti 10, ambazo kumbe zilikuwa zikinitosha tangu hapo.

Mwanafunzi wangu alifuzu. Lakini kila nikilikumbuka lile jibu lake la tatu, hujiambia kwamba lile la kwanza lilimstahili mtahini aliyelisikia. Basi, msomaji, siku utakapojikuta ukisema kwamba waifai ni mbovu, jiulize kwanza ni ipi kati ya hizo tatu. Pima kwa waya, hamisha kisanduku, ndipo ufungue kibeti.