Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Ndugu msomaji, miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi. Watu wa Makete, Njombe, Lushoto na Mbulu wanaijua baridi hiyo. Jioni kila mtu anatafuta moto. Jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa, watu hulala. Wengine hawaamki tena.

Msiba ukitokea watu husema, "Jiko lile lilikuwa bovu. Tununue jipya." Ni kweli, jiko bovu lina hatari zake. Lakini hata jiko jipya linaweza kuua likilala chumbani. Leo tujifunze sababu.

Sumu isiyoonekana

Mkaa unapoungua hutoa gesi ya sumu. Gesi hiyo huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Moshi wa kuni utakukoholesha mpaka utoke nje. Makaa mekundu hayana moshi, kwa hiyo unadhani uko salama.

Damu yetu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Gesi hii hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Oksijeni hukosa nafasi, kama abiria anayekuta viti vyote vimekaliwa. Ubongo na moyo huanza kudhoofika. Aliye usingizini huzimia bila kujua.

Gesi hii haichagui tajiri wala maskini. Huko Ulaya na Marekani nyumba nyingi hupashwa joto kwa majiko makubwa ya gesi. Jiko la namna hiyo likichakaa, au bomba lake la kutolea moshi likiziba, watu huweza kufa kwa sumu hii hii.

Dalili zake

Kichwa huuma. Mtu huona kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Wengi hudhani ni malaria. Asubuhi moja ya baridi mama mmoja alifika zahanati kwetu na watoto wawili. Wote watatu waliumwa kichwa na kutapika. Hawakuwa na homa, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikamwuliza, "Mama, jana mlilala na moto?" Akajibu, "Ndiyo, jiko lilikuwa chumbani." Tuliwapeleka hospitali wakapewa oksijeni, wakapona.

Kumbuka hili: watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na wakipata nafuu wanapotoka nje, shuku jiko.

Kutengeneza au kubadilisha

Lichunguze jiko lako mchana. Majivu yakijaa, yatoe kila siku. Matundu yakiziba, yazibue. Hewa isipopita chini, mkaa huungua vibaya na sumu huzidi. Mguu au mshikio ukilegea, mpelekee fundi.

Bati likioza hadi makaa yakaanguka sakafuni, au udongo wa ndani ukivunjika vipande, libadilishe. Nyumba ya nyasi huungua kwa kaa moja tu.

Ukinunua jingine, chagua jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani. Majiko ya namna hii, yenye kiuno chembamba, yalianza kuenea nchini Kenya miaka ya 1980. Hutunza joto na hupunguza matumizi ya mkaa. Lakini nalo hutoa sumu. Faida yake ni mfukoni. Haikupi ruhusa ya kulala nalo.

Tufanye nini wakati wa baridi?

Washa jiko nje. Ukiota moto ndani, acha mlango na dirisha wazi. Kabla ya kulala, toa jiko nje kabisa. Usiseme, "Nimelifunika majivu." Makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa sumu. Beseni la maji chumbani halinyonyi sumu hiyo.

Valia nguo nzito na soksi. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara, funga kizibo vizuri, izungushie kitambaa, uiweke miguuni. Usimwekee mtoto mchanga, ataungua.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Vuta pumzi nje kwanza. Ingia haraka, fungua mlango na madirisha, mtoe mgonjwa nje. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, mbonyeze kifua katikati kwa nguvu na haraka, na umpulizie pumzi mdomoni, huku mwenzako akitafuta usafiri. Usimnyweshe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyezimia atapaliwa. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu sumu huweza kuudhuru ubongo na moyo. Mama mjamzito asicheleweshwe, maana mtoto tumboni huumia pia.

Ndugu msomaji, usiku wa leo, kabla hujazima taa, angalia jiko liko wapi. Kama liko ndani, litoe. Kisha pita kwa bibi au babu jirani anayelala peke yake, ulitoe na lake.

Maswali ya kujadiliana darasani
1. Kwa nini hatuwezi kuiona wala kuinusa sumu ya mkaa?
2. Jiko lako linahitaji kutengenezwa au kubadilishwa?
3. Katika kijiji chenu, nani hana blanketi la kutosha, nanyi mtamsaidiaje?