Bundi Akiuawa, Mchawi Hapotezi Kitu

Wachezaji wa Dungeons & Dragons hawachoki kuuliza: bundi wa mchawi akiuawa vitani, bwana wake anadhurika vipi? Anayeuliza mara nyingi ameshamfungia ndege huyo mkobani, na pambano linakwisha bila bawa kukunjuliwa. Kwa kanuni za 2014 na za 2024, jibu ni moja: hadhuriki. Atafanya tambiko la saa moja na kuteketeza ubani wa sarafu 10 za dhahabu, basi.

Hofu hiyo ina asili yake. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978, mchawi aliyefiwa na mnyama wake alipoteza moja kwa moja pointi za uhai mara mbili ya zile za mnyama. Toleo la tatu, la 2000, lilimnyang'anya pointi za uzoefu 200 kwa kila daraja, au nusu yake kete zikimnusuru, kisha akasubiri mwaka na siku moja kabla ya kupata mwingine. Toleo la tano, lenye kanuni za 2014 na za 2024, halina adhabu hata moja kati ya hizo. Kuendelea kuwafundisha wageni kanuni zilizokwisha kufutwa ni kuwaharibia mchezo.

Tena bundi huyo si ndege. Ni roho aliyevaa umbo la bundi, chura, panya au hata pweza. Pointi zake zikifika sifuri hutoweka, hakuna mzoga, na akiitwa upya anarudi yule yule.

Ana pointi 1 tu ya uhai, ndiyo, lakini kazi yake haihitaji zaidi. Tuseme zimwi lenye kinga ya 11 limemkabili askari mwenye nyongeza ya 5. Bundi anashuka, analisumbua zimwi, kisha anapaa, na kwa kipaji chake cha kuruka zimwi halipati nafasi ya kumpiga akiondoka. Askari anarusha kete mbili badala ya moja na kuchukua iliyo kubwa. Nafasi yake ya kupiga inapanda kutoka asilimia 75 hadi karibu 94. Hayo yote yanapotea bundi akikaa mkobani.

Mengine ni mafupi. Roho huyu hashambulii, ila anaweza kufikisha uchawi wa kugusa akiwa ndani ya futi 100. Kwa kanuni za 2014, mchawi akitazama kwa macho ya roho huyo, mwili wa mchawi unabaki kipofu na kiziwi kwa muda huo, hivyo awepo wa kumlinda. Anayetaka mnyama wa kupigana achague mwindaji mwenye mnyama mwenza, kwa kanuni za kitabu cha Tasha cha 2020: mnyama anaamriwa kwa tendo la ziada, na akifa anafufuliwa ndani ya saa moja kwa kumgusa na kutumia nafasi moja ya uchawi. Kwenye Pathfinder ya 2019, mchezo mwingine wa aina hii, tendo moja la bwana humpa mnyama matendo mawili.