Msumari wa Kufungia Chandarua

Mama mpendwa, hebu tazama kamba za chandarua cha mtoto wako zimefungwa wapi. Katika nyumba za matofali ya kuchoma, kama zilivyo nyingi hapa Kabanga, mara nyingi utakuta msumari wa mbao uliopigwa ukutani kwa nguvu, ukapinda na kubomoa lipu. Baada ya siku chache unachomoka, chandarua kinalala upande mmoja na mbu wanaingia. Wala si jambo dogo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, mkoa wa Kigoma uliongoza nchini kwa malaria ya watoto chini ya miaka 5: karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopimwa alikuwa na vimelea.

Kinachofaa hapo ni msumari wa zege. Chuma chake kimekazwa kwa moto, kwa hiyo hauchezi ovyo kama ule wa mbao. Chagua uliopakwa zinki, ule unaong'aa. Mvua zetu huanza Oktoba hadi Mei, ukuta hushika unyevu, na msumari mtupu hupata kutu, ukachafua chokaa na kula kamba.

Urefu wa inchi 2 unatosha. Sentimita 1 na nusu hivi hupotea kwenye lipu, ambayo haishiki kitu. Kinachoshika ni zile sentimita 2 au zaidi zilizoingia ndani ya tofali lenyewe. Matofali mengi yamejengewa udongo, basi ukiona msumari unazama kirahisi kama kijiko kwenye ugali, umeangukia kwenye kiungo. Uchomoe, sogea juu vidole vitatu, ujaribu tena. Kaa mbali na kona na kingo za mlango, maana tofali hupasuka. Usipige kamwe juu au chini ya swichi, hata ikiwa ni ya sola.

Ushike msumari kwa kibanio cha nguo, vidole vitapona. Anza kwa kugonga polepole, kisha piga wima. Msumari huu ukipigwa kombo haupindi, bali huvunjika, na kipande chake huweza kuruka hadi jichoni. Kwa hiyo vaa miwani ya kazi kama ya mafundi, na watoto wote watoke chumbani kwanza. (Baba naye asisimame nyuma yako akitoa maelekezo!)

Elekeza kichwa cha msumari juu kidogo ili kamba isiteleze. Uweke juu sana ya kitanda, kamba ishuke kwa mwinamo mkali. Msumari hubeba vizuri kinachovuta kwenda chini, lakini kamba iliyolala huuvuta kutoka nje. Ndiyo sababu kamba ndefu kutoka ukuta hadi ukuta haidumu. Pembe zilizo mbali na ukuta zifunge kwenye mbao za kenchi.

Saa, kalenda, kioo kidogo, vyote msumari huo utavibeba. Rafu ya sufuria haitafaa, wala kabati, hasa juu ya mahali mtoto anapolala. Hiyo ni kazi ya fundi na skrubu. Na kama ukuta ni wa matofali mabichi, usipoteze fedha yako. Funga kamba zote nne kwenye kenchi, au umwombe fundi seremala asimamishe fito nne kwenye miguu ya kitanda.