Printa Inaposema Wino Umekwisha, Imejuaje?

Ukiwa na printa nyumbani, kuna swali moja litakusumbua mapema au baadaye: wino umebaki kiasi gani? Kwenye skrini ya kompyuta kuna vichupa vinne vya rangi, kimoja kimebaki robo, kingine kina alama ya mshangao ya njano. Wengi wetu tunavisoma vichupa hivyo kama tunavyosoma mita ya LUKU. Hapo ndipo tunapoanza kupotea. LUKU inapima umeme unaopita kwenye waya. Printa nyingi za nyumbani hazijaupima wino wako hata siku moja.

Kwa mtu anayeishi Bagamoyo, Zinga au Mapinga, jambo hili lina gharama yake. Mchukulie mwalimu wa twisheni pale Magomeni (Magomeni ya Bagamoyo, siyo ile ya Dar), anayechapa majaribio ya wanafunzi wake jioni. Saa tatu usiku ujumbe unatokea: wino umekwisha. Katriji ya aina yake madukani mjini hakuna. Kesho yake ni daladala hadi Makumbusho, kisha Kariakoo, nauli ya kwenda na kurudi, na siku imeisha. Akirudi anaitupa katriji ya zamani, ambayo huenda bado ilikuwa na wino. Au tuseme printa yake ni ya tangi. Hapo mambo yanageuka: ujumbe hauji kabisa, anaendelea kuchapa, asubuhi anakuta kurasa zina mistari mitupu. Hasara hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, na tutaona kwa nini.

Printa inahesabu matone

Printa ya wino inachapa kwa kurusha matone. Kwenye HP na Canon nyingi, kijipasha joto kidogo sana kinachemsha wino ndani ya nozeli, povu linatokea, povu linasukuma tone nje. Wazo hili lilipatikana Canon mwaka 1977, mtafiti Ichiro Endo alipoona chuma cha moto cha kulehemu kimegusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. HP walilifikia kivyao, wakaingiza sokoni printa ya ThinkJet mwaka 1984. Epson wao hawachemshi kitu. Wanatumia kipande cha kioo cha piezo kinachojikunja kikipewa umeme, na kule kujikunja ndiko kunakosukuma tone.

Kwa njia zote mbili, kompyuta ya ndani ya printa ndiyo inayotoa amri ya kila tone. Kwa hiyo inajua imetoa amri ngapi. Ikizidisha idadi hiyo kwa ujazo wa tone moja, inapata wino uliotumika. Inautoa kwenye wino wa mwanzo, na kilichobaki ndicho unachoonyeshwa. Basi! Ni daftari la duka: bidhaa zilizoingia, zilizotoka, salio. Hakuna aliyeingia stoo kuangalia.

Matone yenyewe ni madogo kupita kiasi. Epson L3110, printa utakayoikuta steshenari nyingi, tone lake dogo kabisa lina pikolita 3. Pikolita ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Chupa yake ya wino wa rangi ina mililita 65, kwa hiyo chupa moja ingetoa matone madogo takribani bilioni 22. Kuhesabu si tatizo kwa kompyuta. Tatizo ni ujazo wa kila tone.

Hapa wale waliosoma fizikia kidato cha tano watakumbuka aina mbili za makosa ya upimaji. Kama tone moja ni kubwa kidogo na lingine dogo kidogo bila mpangilio, katika mabilioni ya matone tofauti hizo zinafutana, na jumla inabaki karibu sawa. Lakini kama matone yote yamezidi kwa asilimia 5, hakuna kinachofutana. Jumla nayo imezidi kwa asilimia 5. Na sababu za kosa la namna hii zipo. Wino ukipata joto unakuwa mwepesi, na tone linaweza kuongezeka. Watengenezaji wanalijua hilo, hedi nyingi zina kipimajoto cha ndani ili kurekebisha, lakini marekebisho hayo yanaudhania wino wao. Ukijaza wino wa chupa isiyojulikana ilikotoka, wenye wepesi tofauti, daftari linaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kuna pia wino unaotoka bila wewe kuchapa kitu. Kila printa inaposafisha nozeli zake, wino unatumika, na nyingi hujisafisha kidogo zinapowashwa. Umeme ukikatika mara nne kwa siku, hiyo ni mara nne. Pia printa nyingi huchanganya rangi hata unapochapa barua nyeusi tupu, ndiyo maana njano inaisha na wewe hujachapa picha hata moja.

Zipo zinazoangalia kweli, lakini mara moja tu

Baadhi ya katriji za Canon zina ujanja ninaoupenda sana. Chini ya kikasha kuna prizimu ndogo ya plastiki angavu. Printa inamulika mwanga kwenye prizimu, unagonga ukuta wake wa ndani kwa pembe ya nyuzi 45. Kama nyuma ya ukuta kuna wino, mwanga unapenya na kupotelea humo. Kama kuna hewa, mwanga wote unarudi, kihisi kinauona, printa inajua.

Kwa nini 45? Kwa sababu mwanga unaotoka kwenye plastiki kwenda hewani hurudi wote pembe ikizidi takribani nyuzi 42, na ukielekea kwenye kimiminika kama maji pembe hiyo lazima ipite 60. Nyuzi 45 iko katikati, kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana, bila utata. Ukizama na miwani ya kuogelea pale Mbegani ukatazama juu kwa mshazari, uso wa maji unageuka kioo. Ni jambo lile lile.

Ila prizimu inajibu swali moja tu: wino umeshuka chini yangu, au bado? Haijui kama ulikuwa nusu au robo. Na katriji hizo zina vyumba viwili, kimoja cha wino mtupu na kingine cha sponji. Prizimu ikiona hewa, sponji bado imelowa. Kuanzia hapo printa inarudi kwenye kuhesabu matone.

Katriji usiiharakishe, tangi usilicheleweshe

Sasa twende kwenye maamuzi, maana ujumbe ule ule unataka hatua tofauti kutegemea mashine uliyonayo.

Kwa katriji, watengenezaji wanapanga ujumbe uje mapema, wino ukiwa bado upo. Wana sababu ya kiufundi: hedi inayochemsha wino ikichemsha hewa inaungua, kwa kuwa wino ndio unaoipoza. Wana na sababu ya kibiashara, wateja hawakuwa wajinga kuiona. Nchini Marekani wateja waliishtaki Epson kuhusu katriji zinazohesabiwa tupu zikiwa bado na wino, na kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2006. Kwa hiyo ukiona “wino mdogo” kwenye HP yako ya katriji, nunua nyingine uiweke kabatini ikiwa imefungwa, kisha endelea kuchapa mpaka maandishi yafifie. Katriji za Epson ni kesi tofauti: chipu ikifika sifuri, printa inagoma, hata ungeitikisa usikie wino ndani.

Unataka kujua ukweli? Pima uzito. Wino wa printa una uzito unaokaribia wa maji, mililita moja ni kama gramu moja. Pima katriji ikiwa mpya, andika namba juu yake, ipime tena ujumbe ukija. Ni akili ile ile ya kupima mtungi wa gesi. Shida ni kwamba katriji ndogo zina mililita chache tu, mizani ya jikoni haitatosha. Inafaa ile ya sonara inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.

Tangi ni hadithi nyingine. Mashine kama L3110 haikuonyeshi kiwango cha kuaminika kwenye kompyuta, na Epson wenyewe wanakuelekeza utazame tangi kwa macho. Itazame basi vizuri. Printa iwe kwenye meza iliyonyooka. Katika zile nyumba za Mji Mkongwe ambazo sakafu yake imeinama, upande mmoja wa tangi utakudanganya. Wino mweusi unachafua ukuta wa tangi mpaka unaonekana umejaa, kwa hiyo mulika na tochi ya simu kutoka pembeni, utauona mstari halisi. Ukifika karibu na mstari wa chini, jaza siku hiyo hiyo.

Kwa nini nasisitiza? Kutoka kwenye tangi hadi kwenye hedi kuna mirija. Tangi likikauka, hewa inaingia kwenye mirija. Hewa inabanika, wino haubaniki. Piezo ikijikunja kusukuma, povu la hewa linajibana na kurudi, tone halitoki. Ukijaza wino sasa, hewa bado imo ndani. Itabidi ufanye usafishaji mkubwa, unaovuta wino mwingi kuiondoa, na kwa mashine hizi tangi lote linatakiwa liwe na angalau theluthi ya wino kabla ya kuanza. Yaani kuokoa wino wa mwisho kunakugharimu wino mwingi zaidi.

Matoleo ya mwanzo ya familia hii, kama L200, yalikuwa na daftari la matone na pia namba ya siri kwenye kila chupa, ya kuingiza baada ya kujaza. Ukikuta moja mtumba, jihadhari. Mtu akijaza nusu tangi kisha akaweka namba ya chupa kamili, kompyuta itakuambia tangi limejaa huku hewa inaelekea kwenye mirija.

Kagua kwa karatasi

Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha Bluetooth & devices, Printers & scanners, chagua printa yako, halafu Printing preferences. Kwa Epson tafuta sehemu ya Maintenance. Humo ndimo unamokuta Nozzle Check, na huo ndio ukaguzi ninaouamini kuliko vichupa vyote vya skrini. Inachapa vimistari vya kila rangi. Vimistari vimekatika na tangi limejaa? Nozeli zimeziba, safisha mara moja, kagua tena, usisafishe mara sita mfululizo. Vimekatika na wino uko chini? Jaza kwanza.

Watu hulaumu hewa ya pwani kwa kuziba nozeli. Mimi nadhani tunaionea. Unyevu unachelewesha maji ya wino kukauka, kwa hiyo upande huo tuna nafuu kuliko Dodoma. Unachoharibu unyevu ni karatasi: nyuzi zinavimba, wino unasambaa, herufi zinaota ndevu. Rimu iliyofunguliwa ihifadhi kwenye mfuko wake. Kinachokausha nozeli ni kuzima printa ukutani. Ukizima kwa kitufe chake, hedi inarudi maegeshoni na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi, kwa hiyo ukirudi iwashe hata kama huna cha kuchapa.

Wenye printa za leza, yenu ni tona ya unga, na makadirio yake yana mashaka hayo hayo. Kuitikisa katriji taratibu kunasambaza unga uliobaki na kukupa kurasa za ziada.

Kuna daftari la pili ambalo wengi hawalijui. Wino wa kusafishia unakwenda kwenye pedi ya sponji chini ya printa, na mashine inahesabu umeingia kiasi gani. Hesabu ikifika kikomo, taa zinawaka na kuzima na printa inagoma, tangi likiwa limejaa. Fundi anaweza kuirudisha hesabu sifuri kwa programu, ni kazi ya dakika tano. Pedi haijui kuhusu programu, inaendelea kujaa mpaka wino unamwagika mezani. Kabla ya kumlipa, muulize pedi ya zamani iko wapi.