Walichokiacha Waanzilishi wa M-Pesa

Kwa mawakala wa M-Pesa wa Kilakala, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, hakuna anayehitaji mafunzo. Mteja anabonyeza *150*00# kwenye kitochi chake, menyu inafunguka, na jambo la kwanza kwenye orodha ni kutuma pesa. Bando halihitajiki, simu janja haihitajiki. Bibi aliyeko Kinole anapata meseji papo hapo.

Wengi hudhani huduma hii ilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Wapi! Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walipoanza majaribio Nairobi na Thika, kwa msaada wa serikali ya Uingereza, walikuwa na wateja mia chache tu na taasisi inayokopesha vikundi iitwayo Faulu. Andiko la mradi lilitaka mwanakikundi apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu. Kwenye karatasi likakaa vizuri, mtaani likayumba. Faulu ilipata taabu kuoanisha hesabu za simu na vitabu vyake. Isitoshe, mtu akishalipa kwa simu, mkutanoni anafuata nini? Na mikopo ya vikundi dhamana yake ni kule kukutana na kujuana. Wakati huohuo wateja wakajitungia matumizi yao: wakatumiana pesa, wafanyabiashara wakalipana, wengine wakaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wakishafika.

Timu ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ikafanya jambo ambalo miradi mingi ya wafadhili huliogopa: ikaliweka kando lengo lililoombewa fedha. Machi 2007 M-Pesa iliingia sokoni Kenya kwa tangazo lenye ahadi moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Mikopo ilikuja baadaye, M-Shwari Kenya mwaka 2012 na M-Pawa kwetu mwaka 2014. Vikundi navyo vikapata M-Koba mwaka 2019, miaka zaidi ya kumi tangu viwekwe pembeni.

Hapa Morogoro tunao mfano wetu wa kubakisha jambo moja. AfyaData, programu ya simu iliyotengenezwa na SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), haimtaki mhudumu wa kijijini ataje jina la ugonjwa. Anaripoti dalili alizoziona, za watu au za mifugo, basi. Mengine yanafanywa na mfumo wenyewe na wataalamu.

Linganisha na programu nyingi zinazobuniwa kwa ajili ya mkulima: bei za soko, utabiri wa mvua, pembejeo, mkopo, bima, ushauri wa bwana shamba, vyote kwenye skrini moja. Kila kipengele kimo kwa sababu kuna mtu alikitaka kikaoni, na mara nyingi mtu huyo si mkulima. Mama wa Mgeta mwenye matenga ya kabichi kando ya barabara, gari likiwa linanguruma, ana swali moja: leo mjini wananunua kwa bei gani?

Wewe unayesoma tehama SUA au Mzumbe na una wazo lako la kidijitali, kabla ya kuandika andiko nenda kakae kwa wakala siku ya mnada, utazame watu wanafanya nini na simu zao. Ukirudi, futa vipengele vyote ubakishe kile ulichokiona kwa macho yako, kisha mweleze mfadhili ukweli huo hata kama ulichokibakisha sicho alichokilipia.